Mabaka ya Mzio Yanayowasha: Kutuliza Ngozi kwa Mimea Bila Kuichokoza Zaidi

Mabaka ya mzio, ambayo madaktari huyaita urtikaria, hayaanzii juu ya ngozi. Ndani ya ngozi kuna seli zinazohifadhi kemikali iitwayo histamini. Seli hizo zikichokozwa na chakula, dawa, mdudu, virusi, baridi au hata mkanda wa suruali unaobana, humwaga histamini hiyo. Mishipa midogo ya damu inatanuka, majimaji yanavuja, na ndani ya dakika chache unaona uvimbe ulioinuka unaowasha kiasi cha kumkosesha mtu utulivu. Kwenye ngozi nyeupe huwa na wekundu pembeni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, kwa hiyo pitisha kiganja: utauhisi uvimbe umeinuka hata pale jicho lisipouona.

Maelezo haya ndiyo yanayoamua matumizi ya mimea. Hakuna jani la kupaka litakalozuia histamini isimwagike ndani. Kinachowezekana ni kuipoza ngozi, kuilainisha na kupunguza hamu ya kujikuna mpaka baka liishe lenyewe. Hiyo si kazi ndogo, kwa sababu kujikuna kwenyewe huzidisha muwasho na kunaweza kuinua mabaka mapya. Lakini anayeahidi kwamba mmea wake "unatoa mzio mwilini" anakupeleka pabaya.

Kwanza kabisa: je, hili ni la nyumbani?

Acha mimea yote na utafute msaada wa dharura mara moja ikiwa pamoja na mabaka kuna uvimbe wa ulimi au koo, sauti imekauka ghafla, kifua kinabana au kinapiga filimbi, mtu anatapika mfululizo, ana kizunguzungu au anazimia. Huo ni mshtuko wa mzio, na dawa yake ni sindano ya adrenalini inayochomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Kama mgonjwa ameandikiwa sindano hiyo, mchome kwanza kisha piga simu. Mlaze chali na kuinua miguu yake. Akiwa anahema kwa shida, muache akae lakini asisimame wala kutembea. Vidonge vya mzio haviwezi kufanya kazi ya adrenalini, na muda unaopotea kwa kuchemsha majani hauwezi kurudishwa.

Uvimbe wa midomo au kope peke yake, bila dalili nyingine, nao unataka daktari siku hiyohiyo. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu, zile ambazo majina yake huishia na "-prili", huleta uvimbe wa namna hiyo, na mtu anaweza kuwa amezimeza kwa miezi au miaka kabla haujatokea.

Hakikisha ni mabaka ya mzio kweli

Chukua kalamu ya wino na uzungushie baka moja. Andika saa pembeni, kisha rudi kuliangalia baada ya saa 24. Baka la mzio huhama: litakuwa limetoweka ndani ya mduara wako bila kuacha alama, ingawa mengine yanaweza kuwa yamechipuka kwingine. Kama baka bado limo ndani ya mduara, linauma kuliko kuwasha, au limeacha rangi kama ya jeraha lililovilia damu, hilo ni tatizo la mishipa ya damu mpaka daktari aseme vinginevyo. Usilipake kitu.

Kama ngozi ni kavu, ina magamba au inatoa majimaji kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, huo ni ukurutu. Kama upele umejipanga kwa umbo la kitu kilichogusa ngozi, mfano kamba ya saa au kifungo cha chuma, huo ni mzio wa mguso. Njia za kupoza zilizoelezwa hapa zinasaidia zote mbili, ila ukurutu unahitaji zaidi mafuta kuliko maji. Hilo tutalifikia.

Jaribu mmea kabla hujauhitaji

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayotuma wengi hospitali wakiwa na upele juu ya upele. Fanya jaribio siku ambayo ngozi imetulia. Ukijaribu wakati mabaka yametapakaa, hutajua lipi limeletwa na mmea.

1. Chagua mmea mmoja tu. Mchanganyiko wa mimea mitatu ukikuunguza, hutajua wa kumlaumu.
2. Utayarishe kwa nguvu ileile utakayoitumia baadaye, usiuzimue kwa ajili ya jaribio.
3. Paka sehemu ndogo, upana wa sarafu, upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko. Usifunike.
4. Tazama kwa dakika 60 za kwanza. Uvimbe ukiinuka hapo, osha na uachane na mmea huo.
5. Rudia mara 2 kwa siku, palepale, kwa siku 7. Mzio wa mguso mara nyingi huchelewa saa 48 hadi 96, na pengine hujitokeza baada ya kupaka mara kadhaa. Ndiyo maana jaribio la usiku mmoja halitoshi.

Mambo mawili huharibu jaribio hili. La kwanza ni kumeza vidonge vya mzio siku hizo. Vinaficha uvimbe wa haraka na kukupa majibu ya uongo. La pili ni kusugua. Kuna watu ambao ngozi yao huinuka mistari kwa kukwaruzwa tu. Ukipaka kwa kusugua, utadhani mmea ndio uliokudhuru. Gusisha taratibu.

Oti: ya kwanza kuijaribu

Oti, *Avena sativa*, ile ile ya uji, ndiyo tunayoiweka mbele. Wanga wake hufanya utando mwepesi unaoshika unyevu, na ndani yake mna kemikali ziitwazo avenanthramidi zinazopunguza uvimbe na muwasho. Mwaka 2003 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiweka oti iliyosagwa laini katika orodha ya vitu vinavyotambuliwa kuwa kinga ya ngozi.

Tumia oti tupu, isiyo na sukari, maziwa wala ladha. Kwa beseni kubwa la kujilaza unahitaji kikombe 1, takriban gramu 90. Kwa beseni la mtoto, theluthi moja ya kikombe inatosha.

Saga kwenye mashine kavu mpaka iwe unga laini kabisa, kisha pima usagaji wako: tia kijiko 1 cha mezani kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu na ukoroge. Maji yakigeuka meupe kama maziwa na kubaki hivyo, umefika. Ukiona chembe zinazama na maji juu yanabaki angavu, rudisha kwenye mashine. Chembe kubwa hazitoi wanga, na zikikwama chini ya mwili zinakwaruza ngozi ambayo tayari imekasirika.

Maji yawe ya uvuguvugu, yale ambayo ukiyagusisha ndani ya kifundo cha mkono huhisi moto wala baridi. Nyunyiza unga huku maji yakitiririka ili usifanye mabonge. Kaa humo dakika 10 hadi 15, umwagie sehemu zisizozama kwa kikombe, bila sabuni na bila kusugua. Shika ukingo unapoinuka, kwa sababu oti inateleza vibaya sana; mzee au mtoto asiachwe peke yake. Ukitoka, gusisha taulo tu, usifute. Ndani ya dakika 3, ngozi ikiwa bado na unyevu, paka mafuta yasiyo na manukato.

Asiye na beseni la kujilaza hana sababu ya kukosa. Tia vijiko 4 vya mezani vya oti ndani ya soksi safi ya pamba, funga fundo, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5, kisha ikamue mpaka utelezi mweupe utoke. Gusisha soksi hiyo juu ya mabaka na uuache utelezi ukauke. Tupa oti baada ya matumizi. Ikilala unyevu hadi kesho inachacha na kuota vijidudu.

Kosa kubwa kwenye oti ni maji ya moto. Yanapendeza kwa dakika mbili kwa sababu joto hulemea hisia ya muwasho, halafu mishipa inatanuka zaidi na mtu anatoka na mabaka maradufu. Kosa la pili ni kukaa nusu saa au zaidi, ambako hukausha ngozi badala ya kuilainisha. Mwenye mzio wa oti asiiguse kabisa. Mtoto mdogo mwenye ukurutu uliochubuka, mwulizie daktari kwanza, kwa sababu chakula kinachopita kwenye ngozi iliyo wazi kinaweza kuufundisha mwili kukikataa.

Shubiri: mweupe wake, si njano yake

Jani la shubiri, yaani alovera (*Aloe vera*), lina vitu viwili visivyofanana hata kidogo. Katikati kuna ute angavu unaopoza. Chini tu ya ganda la kijani kuna utomvu wa njano wenye aloini, ambao ni mchungu, unaharisha ukimezwa na unawasha ukikaa kwenye ngozi. Watu wengi wanaosema shubiri "imewakataa" walipaka utomvu.

Kata jani nene la chini kwenye mmea uliokomaa, karibu kabisa na shina. Lisimamishe ndani ya glasi, upande uliokatwa ukiangalia chini. Utaona matone ya njano yakikusanyika kwenye mzunguko wa mkato, karibu na ganda, huku katikati pakibaki pasafi. Hapo ndipo utaelewa kwa nini kusubiri ni lazima. Liache dakika 30. Lioshe, kata kingo zenye miiba, kisha lilaze na umenye ganda la juu kwa kisu chenye makali, ukichukua na nyama kidogo, badala ya kujaribu kuokoa kila tone. Toa ute, usuuze kwa maji baridi mpaka utelezi wa njano uishe, kisha uponde au usage sekunde chache.

Paka utando mwembamba juu ya baka, uache ukauke, rudia mara 2 au 3 kwa siku. Ute ukihifadhiwa kwenye chombo safi chenye kifuniko ndani ya friji hukaa siku 3 hadi 5. Ukibadilika kuwa wa waridi, ukawa majimaji tu au ukatoa harufu ya uchachu, mwaga. Ukitaka wa muda mrefu, gandisha kwenye trei ya barafu na utoe kipande kimoja kwa matumizi, ila kiyeyushe kwanza. Barafu isigusane na ngozi moja kwa moja.

Usipake kwenye kidonda kirefu au ngozi iliyopasuka. Mwenye mzio wa vitunguu au vitunguu saumu awe mwangalifu zaidi kwenye jaribio, kwa sababu kumekuwa na watu ambao miili yao hukataa mimea hiyo pamoja na shubiri.

Kamomili na mnanaa kwa kukanda

Kamomili (*Matricaria chamomilla*): gramu 5 za maua makavu, kama vijiko 2 au 3 vya mezani, kwa mililita 150 za maji yaliyotoka kuchemka. Funika dakika 10, maana mafuta yanayofanya kazi huondoka na mvuke. Chuja kwa kitambaa badala ya chujio la chai, ili vumbi la maua lisibaki. Yakipoa kabisa, lowesha kitambaa cha pamba, kamua kidogo na ulaze juu ya mabaka dakika 10 hadi 15. Tengeneza mapya kila siku. Kamomili ni ya ukoo mmoja na krisanthemamu na magugu mengi yenye chavua. Anayepiga chafya na kuwashwa macho wakati wa chavua ya magugu hayo aiache.

Mnanaa: gramu 20 za majani mabichi kwa nusu lita ya maji ya moto, dakika 10, chuja, poza, kanda vilevile. Mentoli iliyomo huamsha mishipa ya fahamu inayohisi ubaridi, na ubongo unashughulika na ubaridi huo badala ya muwasho. Usiitumie kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, hasa karibu na uso, kwani mentoli inaweza kumbana pumzi. Na tunasema majani, hatusemi mafuta ya chupa: mafuta ya mnanaa ni makali mara nyingi zaidi na yanaunguza.

Kuna kundi moja lisilopaswa kukandwa kwa kitu baridi hata kidogo: wale ambao mabaka yao huja kwa baridi, kwa kushika chupa ya friji au kuingia kwenye maji. Kwao kitambaa baridi ndicho chanzo, na kuogelea kwenye maji baridi kunaweza kuwazimisha. Watumie uvuguvugu tu.

Kama ngozi ni kavu au ina ukurutu

Mafuta ya nazi yasiyosafishwa kwa kemikali yanafaa, kadhalika mafuta ya alizeti. Paka kiasi kidogo mara 2 kwa siku juu ya ngozi yenye unyevu. Mafuta ya zeituni, pamoja na sifa zake zote jikoni, yana asidi ya oleiki nyingi inayolegeza tabaka la juu la ngozi; kwa ukurutu yaache. Mafuta pekee hayaondoi mabaka ya mzio, lakini ngozi isiyo kavu huwasha kidogo.

Usivyopaswa kupaka

Limau na ndimu ndizo zinazotuudhi zaidi, maana ushauri wa kuzipaka haufi. Maganda na maji yake yana kemikali ambazo zikikutana na mwanga wa jua juu ya ngozi huunguza: malengelenge baada ya siku moja au mbili, kisha madoa meusi yanayoweza kukaa miezi. Kitunguu saumu kibichi kinaunguza hata bila jua. Siki isiyozimuliwa nayo pia.

Manjano hutia rangi ngozi, ukashindwa kuona kama wekundu unaongezeka, na wapo wanaopata mzio wa mguso kwayo. Mafuta ya habasoda yamewahi kuleta upele mkali wa mguso. Mafuta ya mti chai, mchaichai na lavenda yakikaa kwenye chupa iliyofunguliwa hubadilika kwa hewa na kuwa vichokozi vikali kuliko yalivyokuwa mapya. Mwarobaini una heshima yake, lakini mafuta yake hayamezwi: yamewahi kusababisha degedege na vifo kwa watoto wadogo.

Jihadhari pia na krimu ya "mitishamba" isiyo na orodha ya viambato ambayo inaondoa kila kitu kwa usiku mmoja. Krimu za namna hiyo zilipopimwa maabara, baadhi zilikutwa na steroidi kali ambazo hazikuandikwa popote. Ngozi inakuwa nyembamba, na siku unapoacha, upele unarudi kwa kishindo.

Vipi kuhusu kunywa?

Hatushauri kunywa mmea wowote mpya wakati mabaka yako yanaendelea. Sababu ni rahisi: mwili tayari unamwaga histamini kwa jambo usilolijua, na wewe unaongeza mshukiwa mwingine. Ekinasia, inayosifiwa kwa kinga ya mwili, yenyewe imeleta mabaka na hata mshtuko wa mzio kwa baadhi ya watu. Gome la *Salix* (mti uitwao willow kwa Kiingereza) lina salisini, ndugu wa aspirini, na aspirini ni miongoni mwa vichokozi vikubwa vya urtikaria. Mizizi ya *Glycyrrhiza glabra* (likorisi) hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu ikinywewa kwa wiki nyingi. Chai ya kamomili inaweza kuongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye ugonjwa wa ini au figo asinywe chochote kabla ya kuongea na mtaalamu wa dawa.

Mimea pamoja na dawa ya hospitali

Kinachozuia histamini isifanye kazi ni kidonge cha mzio kisicholeta usingizi mwingi, kama setirizini au loratadini. Kipimo cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 10 mara 1 kwa siku. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa, na watoto wana vipimo vyao. Kidonge kinafanya kazi ndani, kitambaa cha oti au kamomili kinatuliza juu, wala havigombani. Kumeza kidonge pale tu muwasho unapozidi ndiko kunakowafanya wengi waseme hakifanyi kazi. Mabaka yakiwa yanarudi kila siku, kimezwe kila siku kwa saa ileile. Na kama una maumivu au homa, epuka aspirini, ibuprofeni na diklofenaki kipindi hicho. Parasetamoli kwa wengi ni salama zaidi.

Wakati huohuo weka daftari. Kila mabaka yanapotokea andika saa, ulichokula na kunywa katika saa 2 zilizopita, dawa zote za siku 14, ugonjwa wa karibuni, mazoezi, joto, baridi, na mmea uliopaka. Piga picha, kwa sababu ukifika kwa daktari ngozi inaweza kuwa safi kabisa.

Vipindi vingi vya mabaka huisha ndani ya siku au wiki chache. Yakitokea karibu kila siku kwa wiki 6 au zaidi, yamekuwa sugu, na mara nyingi chakula hakihusiki: ni kinga ya mwili inayojichokoza yenyewe. Kuendelea kujinyima mayai, samaki na maziwa kwa kubahatisha kutakudhoofisha bure. Nenda na daftari, picha na orodha ya mimea yote uliyotumia, hata ile unayoona aibu kuitaja, kwa sababu daktari anaweza kuongeza kipimo cha kidonge hadi mara 4 ya kawaida, au kukuandikia sindano ya omalizumabu, na kabla ya hapo anahitaji kujua ni nini kingine kilichokuwa kinagusa ngozi hiyo.